Mkwe Nyuma ya Moshi

“Mimi sijasema ni mtu mbaya,” Leonardi alisema. “Nimesema amekimbia. Nimemchukua mgeni wangu mkono kwa mkono, nimemleta nyuma ya nyumba aone binti yangu anavyomkausha bata mzinga kwa moshi. Ametazama mara moja, akajifunika koti usoni, akakimbia. Wewe uliyesoma niambie, mtu wa namna hiyo tumwite nani?”

“Hakukimbia, baba,” Isakwisa alisema. “Aliondoka.”

“Ameruka kuni.”

Kuni zilikuwa pale pale, rundo la mpera lililofika magotini, na wote walikuwa wamemwona Mzee Ambwene, baba yake Isakwisa, mtu wa mvi na fimbo, akilivuka kama kijana anayefukuzwa na nyuki. Sasa alikuwa upande wa pili wa ua wa matete, amekaa chini ya paa la kihenge cha mahindi, amewapa mgongo. Hakwenda mbali zaidi ya hapo. Manyunyu ya Krismasi yalikuwa yanaanguka, na katika baridi ya Ufipa mtu halowani kwa kupenda.

Cornelia alisimama katikati yao na bata mzinga mikononi. Alikuwa katika kumgeuza wakati baba yake alipotokea na mgeni, na tangu hapo hakuna aliyempa nafasi ya kumrudisha kwenye pipa la moshi. Ndege alikuwa mzito kama mtoto aliyelala, na mafuta yalimchuruzikia mpaka viwikoni. Kwa mzigo ule hakuweza kupiga magoti wala kutoa shikamoo kwa adabu. Aliloweza ni kumtazama mzee usoni na kutabasamu. Ni kwa tabasamu hilo mzee akaruka kuni.

“Binti yangu ana nini?” Josefina aliuliza kutoka mlangoni mwa jiko. Alisema taratibu, na Cornelia alijua kwamba upole huo wa mama yake ni mbaya kuliko makelele. “Ana ukoma? Au ameota pembe leo baada ya mimi kutoka Misa?”

“Hana kitu, mama. Ni desturi yetu.”

Isakwisa akaieleza, kofia yake ikizunguka mikononi kama usukani. Kwao Tukuyu, alisema, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Akipita huyu, yule anageuka. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatajani majina. Wengi wa kanisani kwao Moraviani walikuwa wameanza kuacha mambo hayo, lakini baba yake hakuwa mmoja wao. Kwa mzee yule hiyo ndiyo heshima yenyewe, na msichana anayejitokeza mbele ya baba mkwe ni sawa na msichana aliyetoka nje bila nguo.

“Mkwe, mkwe,” Leonardi alisema. “Nani mkwe? Mahari hatujazungumza, hata maji hajanywa.”

“Kwa baba ameshakuwa mkwe tangu alipokubali kupanda lori kuja huku. Angekuwa amemkataa Cornelia, angempa mkono na kumwuliza habari za mvua.”

Maneno hayo yalimfikia Cornelia mahali fulani chini ya mbavu, yakamkaa hapo kwa joto. Lakini hayakumfikia baba yake hata kidogo. Leonardi alikuwa amewaalika jirani zake wote waje baada ya chakula kunywa pombe ya ulezi na kumwona mgeni kutoka Mbeya. Sasa mgeni alikuwa amekaa kwenye kihenge kama mtu aliyefumaniwa akiiba mahindi, na jirani wa kwanza akitokea, ataanza na swali hilo.

Josefina alikuwa na hesabu yake nyingine, na hakuificha. Kwao wao, alisema, wazee wa mchumba wakifika, msichana hutoka akaonekana. Huleta maji, hupiga magoti, huonwa mwendo na kiuno. Akifichwa, mji mzima hujua sababu, nayo huanza kuonekana miezi michache baadaye. “Mwanangu nimemlea vizuri,” alisema. “Sitamficha nyuma ya pipa ili watu wahesabu miezi.”

Kwa hiyo msichana yule yule, kwa siku ile ile, akitoka ni mhuni na asipotoka ni mhuni. Cornelia aliliona jambo hilo wazi kuliko wote, kwa sababu mhuni mwenyewe alikuwa yeye.

“Nenda kamchukue baba yako,” Leonardi alimwambia Isakwisa hatimaye. “Mrudishe unakokaa, kesho apande lori lake. Bata tutamla wenyewe.”

Akaingia ndani. Josefina akabaki kidogo mlangoni, akamtazama binti yake, akatazama pipa. “Moto umeshika,” alisema, naye akaingia.

Ndivyo ilivyokuwa. Wakati wao wakigombana, moto uliacha kufuka ukaanza kuwaka, na moto ukiwaka ngozi ya ndege huungua huku ndani bado mbichi. Cornelia akamweka bata juu ya sinia, akachota majivu kwa koleo na kuyamwaga juu ya makaa, akaongeza magunzi ya mahindi yaliyoloweshwa maji, akafunika pipa kwa gunia bichi. Moshi ukarudi, mzito na mweupe. Akaondoa gunia upande mmoja, akamrudisha bata juu ya fito, akafunika tena. Alifanya yote hayo bila kumtazama Isakwisa, na Isakwisa alisimama akimtazama yeye tu.

Bata mzinga yule alikuwa wa wote wawili. Bwana mifugo Isakwisa ndiye aliyemleta akiwa kifaranga, pamoja na wenzake kwenye kikapu, akimwomba Leonardi awajaribu kwenye baridi ya Sumbawanga. Wenzake walikufa wote mvua za kwanza. Huyu mmoja Cornelia alimlaza jikoni karibu na majivu ya moto, akamlisha mchwa na ulezi uliochemshwa, akapona. Basi bwana mifugo akawa anakuja kumkagua. Alikuja na baiskeli Jumatano, akaja Jumamosi, na wiki nyingine alikuja na Jumatatu. Ng'ombe wa wilaya nzima hawakukaguliwa kama alivyokaguliwa ndege yule. Siku moja Josefina alimwuliza kama ndege huyo ana ugonjwa usiosemeka, na Isakwisa akasema, mbele ya mama mzazi, kwamba ndege ni mzima, mgonjwa ni daktari.

Mwaka ukapita hivyo. Kisha ukaja uhamisho. Mwezi wa kwanza Isakwisa alitakiwa kuripoti Musoma, upande wa pili wa nchi, mahali ambapo barua huchukua muda wake na baiskeli haifiki. Ndiyo maana mzee wake aliitwa. Na ndiyo maana bata alikaushwa kwa moshi badala ya kupikwa: sufuria ya kumtosha haikuwapo pale nyumbani, na lori la kutoka Tunduma nyakati za mvua hufika siku linayopenda lenyewe. Nyama ya moshi inasubiri. Josefina alizaliwa Kipili, ziwani, na watu wa Kipili wanajua kusubirisha samaki kwa moshi. Alimfundisha binti yake akasema ndege ni samaki mnene tu.

“Cornelia,” Isakwisa alisema.

“Ulijua.”

“Nilisema. Wiki iliyopita nilimwambia mama kwamba wewe usihangaike kuja mbele.”

“Hayo kila mgeni anayasema. Mama akakujibu nini? Akakujibu atakuja tu, hakuna hangaiko. Na wewe ukacheka.”

“Nilicheka.”

“Ungesema neno moja. Ungesema, wasionane. Mpaka kuku wangeelewa.”

Isakwisa akaweka kofia juu ya kuni. Alikuwa mtu mrefu, na alipoaibika hakujua aweke wapi mikono yake. Cornelia aliijua mikono hiyo, jinsi inavyomshika ndama ikamtuliza, na akajilazimisha kutazama moshi.

“Niliogopa,” Isakwisa alisema. “Nikikwambia, utauliza itakuwaje tukienda nyumbani. Na mimi sikuwa na jibu. Nikasema tukishafika Musoma, mbali na wazee, nitakueleza polepole.”

“Haya. Nauliza sasa. Itakuwaje tukienda nyumbani?”

“Utakaa na wanawake, upande wa nyuma. Baba akitaka kupita, mtu atakohoa, nawe utageuka.”

“Mpaka lini?”

Isakwisa akaigeuza kofia juu ya kuni.

“Mpaka mmoja wetu afe,” Cornelia alisema. “Si ndivyo?”

“Cornelia, tutakwenda mara moja kwa mwaka. Pengine isiwe kila mwaka.”

“Na siku baba yako akizeeka, akahitaji mtu wa kumpa uji? Utamleta kwetu, maana wewe ndiye unayempenda kuliko wote, unaniambia kila siku. Nitampa uji kwa kupitisha mkono dirishani?”

Isakwisa alisogea, karibu kiasi cha Cornelia kusikia harufu ya sabuni kwenye shati lake la sikukuu. Mkono wake ulinyooka kidogo, ukasimama hewani, kwa sababu jiko lilikuwa wazi na Josefina alikuwa ndani yake. Walitazamana. Mwaka mzima walikuwa wametazamana namna hiyo, juu ya kichwa cha ndege, juu ya ua, kanisani Isakwisa akiwa mgeni wa Moraviani kwenye benchi la nyuma, na kila mara macho yalitosha. Leo hayakutosha, na wote wawili walilihisi hilo kwa pamoja.

“Niambie nifanye nini,” Isakwisa alisema.

“Kazungumze na baba yako. Kisha uzungumze na baba yangu. Mimi nina nyama ya kuangalia.”

Isakwisa akazunguka ua. Cornelia alisikia Kinyakyusa upande wa pili, sauti ya kijana ikipanda na kushuka, sauti ya mzee ikikaa pale pale. Hakuelewa neno, lakini alielewa kwamba hawagombani, na hilo lilimtia hofu zaidi. Isakwisa aliporudi alisema baba yake hana hasira na mtu. Lililotokea lilikuwa bahati mbaya, na mbuzi mmoja akichinjwa nyumbani litafutika. Sharti ni moja: msichana asionekane tena. Posa ataitoa kwa Leonardi leo hii, wanaume watupu, sebuleni, na Cornelia abaki huku nyuma mpaka mgeni aondoke. Na jibu alilitaka kabla ya lori la kesho.

“Na wewe umemwambiaje?”

“Nimesema nitakuuliza.”

Angalau hapo alikuwa amesema vizuri. Cornelia alimwonyesha mlango wa nyumba kwa kidevu, na Isakwisa akaenda kupambana na Leonardi. Muda si muda sauti ya baba yake ilisikika, ikitaka kujua ni sebule gani hiyo itakayopokea posa ya msichana aliyefichwa, na majirani watajibiwa nini.

Cornelia akabaki na moshi.

Alilia kidogo, na hakuna ambaye angemshangaa, kwa sababu anayekausha nyama hulia tangu asubuhi. Aliwaza Musoma. Alijiona kwenye nyumba ya serikali yenye bati, pazia alilolidarizi mwenyewe, Isakwisa akirudi jioni ananuka ng'ombe. Aliwaza pia kubaki: Jumatano bila baiskeli, Jumamosi bila baiskeli. Mbele ya hilo la pili akafikiri, kujificha ni nini basi? Mara moja kwa mwaka. Mwanamke anavumilia mangapi. Angeweza.

Upande wa pili wa ua mtu akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha mzee aliyekabwa.

“Mzee,” Cornelia alisema kabla hajafikiri, “upepo umegeuka. Sogea huko kwenye mlango wa kihenge, moshi haufiki.”

Fimbo ikagusa mawe, mtu akasogea. Kisha sauti nzito ikasema, kwa Kiswahili cha taratibu, kana kwamba inamwambia mtu mwingine kabisa:

“Anayekausha nyama huko aambiwe nimeshasogea.”

“Hakuna wa kuniambia, mzee. Niko peke yangu.”

“Basi aambiwe na ua.”

Cornelia alijikuta anataka kucheka. Akageuza kichwa asicheke.

“Na aulizwe,” sauti iliendelea, “ni kuni gani hizo. Moshi wake hauna ukali.”

“Mpera, mzee. Na magunzi. Mkaratusi hatutii, nyama inakuwa chungu.”

“Aambiwe anajua kazi.”

Akainua gunia, akamgeuza bata kwa mara ya mwisho. Ngozi ilikuwa imeshika rangi ya asali ya msituni. Alichoma paja kwa ncha ya kisu, na maji yakatoka safi, bila damu. Alikuwa ameiva. Hapakuwa na mtu wa kumwambia habari hiyo njema ila yule aliyekatazwa kumwona.

“Mzee, nimekukosea?”

“Aambiwe hapana.”

“Sasa kwa nini umekimbia? Baba yangu anasema ni dharau. Isakwisa anasema ni heshima. Mimi nilikuona uso, mzee, kabla hujaufunika. Sikuona dharau wala heshima. Niliona mtu aliyeogopa.”

Manyunyu yaligonga matete. Mzee alipozungumza tena, alikuwa amesahau kuuzungumzisha ua.

“Nilikuwa na mkwe mwingine,” alisema. “Atuganile, jina ambalo akiwa hai sikulitaja. Mke wa mwanangu mkubwa. Alikaa kwangu miaka mingi. Nilimjua kwa kikohozi chake, nilimjua kwa miguu, maana akipita mimi natazama chini. Maji yangu ya kuoga yalikuwa moto kila jioni na sikuwahi kumwona anayeyachemsha. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu kama kichaa, kwamba maji ya leo ni mazuri. Ili asikie.”

“Alisikia?”

“Kesho yake yanakuwa moto zaidi.” Mzee alisafisha koo. “Siku moja watu walikuwa mashambani. Yeye alikuwa mjamzito, akabaki. Nikamsikia analia ndani, mimi niko uani. Mtoto alikuwa amekataa kutoka. Kuingia sikuweza. Mimi, baba mkwe, niingie kwa mkwe anayejifungua? Nikakimbia kutafuta wanawake. Nilikimbia mpaka bondeni, na miguu hii ilikuwa mizima wakati huo. Tuliporudi nyumba ilikuwa kimya.”

Cornelia aliweka kisu chini.

“Uso wake nimeuona kwenye jeneza,” Mzee Ambwene alisema. “Hapo sikumwuliza mtu ruhusa. Nikakuta ana kovu dogo juu ya nyusi. Miaka yote hiyo ana kovu na mimi sijui. Mpaka leo sijui lilitokana na nini, na kumwuliza mwanangu nimeshindwa. Sasa leo nimezunguka nyumba ya watu, nimekutana na uso wa mkwe, mzima, unanichekea. Miguu ikaondoka yenyewe.”

“Isakwisa anajua?”

“Anajua alikufa. Hajui kwamba nilikuwa uani.”

Sasa machozi yalikuwa ya kweli, na Cornelia aliyaacha. Aliiona nyumba ile ya Tukuyu, na yeye ndani yake, na mtu mwema nje ya ukuta akikimbilia mbali naye. Kile alichokuwa amekaribia kukikubali, kile cha mara moja kwa mwaka, kikawa kizito mdomoni kama tonge la moto.

“Na nikijitokeza kwako, mzee?” aliuliza. “Si kwa bahati mbaya. Kwa makusudi.”

“Asithubutu,” mzee alisema haraka. “La bahati mbaya mbuzi anatosha. La makusudi halifutiki. Wazee wenzangu watasema mwanamke huyu hana haya, asiingie kwetu, na mimi sitakuwa na neno la kuwaambia. Ndoa itakuwa imekufa kabla ya kuzaliwa. Ninamwambia mapema asije akadanganyika.”

“Wazee wenzako watasema hivyo. Na wewe?”

Fimbo ikakwaruza mawe. Ndani ya nyumba Leonardi na Isakwisa walikuwa bado wanavutana, na Josefina alikuwa ameanza kupanga sahani kwa kishindo.

Cornelia alimtoa bata kwenye pipa, akamlaza juu ya sinia, akamfunika kwa jani la mgomba. Akamwaga maji kwenye makaa mpaka moshi wote ukafa, kwa sababu moto hauachwi hivi hivi hata siku mbaya. Akanawa mikono kwenye ndoo. Akafunga kitenge upya, vizuri, fundo ubavuni. Kisha akaufuata mlango wa ua.

“Unakwenda wapi?” Josefina aliuliza kutoka dirishani.

“Kusalimia.”

“Cornelia.” Mama yake alikuwa ameacha sahani. “Ukifanya hivyo, mwenzio anaondoka. Umeshalipima?”

“Nimeshalipima, mama.”

Josefina alimtazama kwa muda. Kisha akageuka akaita ndani, bila haraka, kwamba wanaume waache kelele watoke nje.

Mzee Ambwene alisikia hatua zake kwenye matope na akajua ni za nani. Aliinuka nusu, akashika fimbo, lakini nyuma yake palikuwa na kihenge na mbele palikuwa na mvua, na hapakuwa na pa kurukia. Akakaa tena. Akafumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayepewa dawa.

Cornelia alipiga magoti mbele yake, kwenye matope, kama wanavyofanya kwao.

“Mzee,” alisema, “nikija kwako Tukuyu nitakaa unavyotaka. Nitakohoa, nitageuka, nitapita nyuma, kwa sababu kwako ni kwako. Lakini siku nikilia ndani peke yangu, iwe kwako au kwangu, nataka mtu aliyeko uani awe ananijua uso, aingie. Siwezi kuolewa mahali ambapo mtu mwema atanikimbia nikiwa nakufa. Kama hili halifutiki, basi lisifutike. Isakwisa ataondoka peke yake na mimi nitabaki hapa, na nitaumia, lakini nitakuwa nimeumia leo nikiwa hai. Shikamoo.”

Nyuma yake alisikia mlango, sauti ya baba yake ikianza kuuliza kitu na mama yake akiinyamazisha. Alisikia viatu vikija mbio, vikapunguza mwendo, vikasimama. Hakugeuka kumtazama Isakwisa. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutaka kuyaona macho yake, kwa sababu kama yangekuwa na hofu ile iliyomfanya anyamaze, asingeweza kuyasahau.

Viatu vikasogea tena. Isakwisa akapiga magoti kando yake, suruali ya sikukuu na yote, bega lake likigusa la Cornelia mbele ya wazazi watatu.

“Baba,” alisema, “hakuja peke yake. Likiwa kosa, ni letu wawili. Shikamoo.”

Mzee alishusha pumzi ndefu, na midomo yake ilitikisika bila sauti, pengine aliomba, pengine alitaja jina la mtu. Kisha akafumbua macho. Alimtazama Cornelia kuanzia kitambaa cha kichwani, paji la uso, akakawia juu ya nyusi zote mbili kama anayetafuta kitu, akashuka puani, mdomoni, kidevuni. Alitazama bila haraka, kama mtu anayejua kwamba hataruhusiwa kusahau.

“Marahaba,” alisema. Akanyoosha kidole, akaonyesha shavu lake mwenyewe la kushoto. “Una masizi hapa.”